Mtoto aliyeumizwa: yanayosemwa nyumbani na yanayoonekana hospitalini

"Watoto huanguka kila siku, alama si kitu."

Kwa mtoto anayekimbia ni kweli: magoti, miundi na paji la uso huumia kila wiki. Kwa mtoto wa miezi mitatu si kweli. Hajaanza kutambaa, hawezi kujigonga sikio. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliangalia watoto wachanga 366 wa chini ya miezi sita waliofika kliniki wakiwa wazima. Wawili tu ndio waliokutwa na alama za damu kuvilia.

Ndiyo maana daktari wa watoto humvua mtoto nguo zote. Hutazama nyuma ya masikio, shingoni, kifuani, na kile kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Huuliza nani alikuwepo, na kwa nini mtoto aliyeungua juzi analetwa leo. Halafu hulinganisha maelezo na mwili. Mtoto aliyejimwagia chai huungua vibaya pale ilipoangukia, kisha jeraha hupungua kadiri chai inavyotiririka na kupoa, huku matone yakiacha madoa pembeni. Aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto huwa na mpaka ulionyooka, miguu yote miwili, kana kwamba amevalishwa soksi.

"Daktari akishuku, ameshamhukumu mzazi."

Kushuku ni kuanza kuchunguza, na uchunguzi wa haki humlinda mzazi pia. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la bluu-kijivu kiunoni au matakoni. Si alama ya kipigo, na naona lingeandikwa kwenye kadi ya kliniki tangu siku za mwanzo. Yapo pia magonjwa ya damu kutoganda, matege, na mifupa inayovunjika kirahisi kwa kurithi. Kwa hiyo hupimwa damu, na mtoto wa chini ya miaka miwili hupigwa eksirei ya mifupa yote, kwani mbavu za mgongoni zikivunjika mara nyingi hakuna kinachoonekana kwa nje.

Madaktari wenyewe walichelewa kuamini. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa eksirei za watoto nchini Marekani, alieleza habari za watoto sita waliovuja damu juu ya ubongo huku mifupa yao mirefu ikiwa imevunjika. Ilipita miaka 16 kabla ya C. Henry Kempe na wenzake kuandika waziwazi, mwaka 1962, kwamba watoto wa namna hiyo wanapigwa na walezi wao. Miaka yote hiyo walikuwa wakitibiwa na kurudishwa kwenye mikono ileile.

"Hana alama, basi hajabakwa."

Dhana hii inaniumiza kuliko zote. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hukutwa na maumbile ya kawaida kabisa. Sehemu hizo hupona haraka. Shirika la Afya Duniani lilishatamka mwaka 2018 kwamba kupima bikira hakuna msingi wa kisayansi. Ushahidi mzito mara nyingi ni maneno ya mtoto, yakiandikwa kama alivyoyasema. Kinachokimbizana na saa ni dawa: kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Fomu ya PF3, inayotolewa na polisi kwa aliyeumizwa, ina kazi yake mahakamani, lakini matibabu yasiisubiri.

"Ya nyumbani yaishie nyumbani, kuripoti ni kuvunja familia."

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni mmoja kati ya saba. Wengi waliowafanyia hivyo ni watu wanaowafahamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya eneo lake. Daktari hasubiri ushahidi kamili. Humwita afisa ustawi wa jamii, na inapobidi humlaza mtoto wodini ili asirudi nyumbani kabla usalama wake haujajulikana. Jirani au mwalimu naye anaweza kupiga 116 bila malipo, Tanzania na Kenya.