Pikapu ya Kuvuta Boti: Anza na Mteremko, Kisha Injini

Anayetafuta pikapu ya kuvutia boti kwa kawaida huniuliza kwanza habari za injini, kisha hunionyesha tarakimu ya kilo 3,500, ambayo ndiyo uzito wa juu wa trela yenye breki kwa matoleo yenye nguvu zaidi ya Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger. Boti ya faibaglasi ya mita 6, pamoja na mashine yake, petroli na trela, mara nyingi haifiki kilo 2,500, kwa hiyo barabarani magari yote matatu yanatosha. Mimi humuuliza boti itashushwa wapi.

Katika mwambao wetu, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na sehemu ya chini ya mteremko wa saruji wa kushushia boti, ambayo hufunikwa na kufunuliwa kila siku, haikosi mwani. Hapo ndipo magurudumu ya nyuma husimama boti inapopandishwa, ilhali ya mbele yako pakavu; pikapu inayotegemea magurudumu ya nyuma peke yake huzungusha tairi papo hapo, hata iwe na injini ya namna gani. Chagua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye gia nzito (za mwendo wa polepole na nguvu nyingi), ili litambae bila kuunguza klachi. Kwa kazi hii napendelea otomatiki. Usukani tu uwe umenyooka, kwa sababu magurudumu yote manne yakivuta, ekseli mbili huwa zimefungwa pamoja na hazipendi kona juu ya saruji kavu.

Hesabu pia uzito unaoegemea ndoano, takriban asilimia 10 ya trela. Kwa trela ya kilo 2,200 hizo ni kilo 220, nazo hutolewa katika mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba, kabla hujapakia watu, barafu na madumu.

Chumvi ndiyo mharibifu mkubwa. Difu (kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma) iliyopata moto barabarani ikizamishwa ghafla hupoa, hewa iliyomo husinyaa, na maji huvutwa ndani kupitia mpira wa kuzuia mafuta uliochakaa. Ndiyo sababu ya kusubiri ipoe kwanza. Kwa pikapu iliyotumika, chunguza ndani ya chesisi ya nyuma na mabomba ya breki yapitayo juu ya ekseli, kisha mwambie fundi afungue nati ya difu. Mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, yamechanganyika na maji, na hapo sibishanii bei. Natafuta gari jingine, ikiwezekana lililofanya kazi bara.