Je, wajua kwa nini kinga ya kisheria dhidi ya kushtakiwa, iliyowekwa Marekani wakati wa UVIKO-19, iliongezewa muda?

Mwaka 2020 milango ya maduka mengi ya Dodoma mjini ilikuwa na ndoo ya maji tiririka, kipande cha sabuni, na pengine mlinzi aliyemrudisha mteja asiyenawa mikono. Mwenye duka alilenga kuzuia maambukizi, lakini mwanasheria angeiona ndoo ileile kama ushahidi, kwa sababu mteja akidai kwamba aliambukizwa dukani humo, jambo la kwanza kuulizwa ni tahadhari gani ilichukuliwa. Nchini Marekani wazo hilo liliandikwa katika sheria ya kuwakinga wenye biashara na watoa huduma za afya, na baadaye sehemu ya kinga hizo ikarefushwa, ingawa wengi walidhani kwamba jambo la dharura huisha na dharura yenyewe.

Mfano mzuri ni jimbo la Florida, ambako Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria ya namna hiyo tarehe 29 Machi 2021. Aliyetaka kuishtaki biashara alipaswa kuambatanisha hati ya kiapo ya daktari, na mahakama ikiridhika kwamba mwenye biashara alijitahidi kwa nia njema kufuata miongozo ya afya, shauri liliishia hapo. Hata mwenye biashara asiporidhisha mahakama, mdai bado alitakiwa kuthibitisha uzembe mkubwa, kwani uzembe wa kawaida haukutosha. Vivyo hivyo kwa hospitali na wauguzi, ilibidi kuonyesha uzembe mkubwa au kosa la makusudi. Kwa hiyo kinga hiyo haikufuta haki ya kushtaki, ila iliupandisha mlima ambao mdai angepaswa kuukwea.

Kinga ya watoa huduma za afya ilipewa mwaka mmoja tu. Mwaka huo ulipokaribia kwisha, wimbi la Omicron, aina mpya ya virusi vya UVIKO-19, lilikuwa limetoka kujaza wodi, na mwezi Februari 2022 muda ukasogezwa hadi tarehe 1 Juni 2023. Sababu ya kusogeza inaeleweka zaidi tukikumbuka kwamba ukomo wa kinga ya aina hii hufuata siku ambayo haki ya kudai ilizaliwa, wala si siku shauri linapofunguliwa. Bila nyongeza, muuguzi aliyehudumia wodi ileile kwa upungufu uleule wa watumishi angepimwa kwa kipimo kimoja kwa tukio la tarehe 28 Machi na kwa kipimo kingine kwa tukio la siku chache baadaye, hali ya kuwa virusi havikuwa na habari na kalenda ya Bunge la jimbo.

Katika ngazi ya taifa zima la Marekani, sheria ya mwaka 2005 inayowakinga watengenezaji na watoaji wa chanjo, dawa na vipimo vya dharura ilianza kutumika kwa UVIKO-19 mwaka 2020, na muda wake umerefushwa hadi tarehe 31 Desemba 2029, isipokuwa pale penye kosa la makusudi. Aliyedhurika huelekezwa kwenye mfuko wa fidia, ambako ana mwaka mmoja tu wa kuomba. Hapa ndipo naona udhaifu mkubwa wa kinga hizi: daktari na mwenye kiwanda huongezewa miaka, ilhali mgonjwa hubaki na mwaka wake uleule.

Jambo hili halikuwa mbali nasi. Chanjo za COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, zilipowasili Tanzania mwezi Julai 2021, zilikuja na masharti ya kuwakinga watengenezaji, lakini pia na mpango wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, Tanzania ikiwamo. Mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kutokana na chanjo, au familia ya aliyefariki, angeweza kuomba malipo bila kuthibitisha uzembe wa yeyote, mradi akipokea malipo hayo asiende tena mahakamani.

Kwa madhara mengine, mkazi wa Dodoma hutegemea sheria ya kawaida ya uzembe. Mahakama humpima daktari kwa kile ambacho daktari mwenzake mwenye ujuzi kama wake angefanya katika mazingira hayo, na wodi iliyofurika ni sehemu ya mazingira. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, humpa mdai miaka mitatu kwa madai ya namna hiyo. Ikiwa hospitali ni ya Serikali, hutangulia notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa.