PS4 haikuuliwa na PS5

"PS4 ilikwisha soko ilipokuja PS5." Basi jamani. Kauli hii kuhusu mashine za gemu za Sony inazunguka kutoka Darajani, Unguja, hadi Chake, Pemba, na kila anayeitoa anaitoa kama hukumu ya kadhi.

Tuanze na kalenda. PS4 ilitoka Novemba 2013. Mwaka wake mnono wa mauzo ulikuwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2017: mashine milioni 20. Uliofuata milioni 19, kisha 17.8, kisha 13 na ushei. PS5 imekuja Novemba 2020. Yaani mteremko ulianza miaka mitatu kabla muuaji hajazaliwa. Na Switch, mashine ya Nintendo, je? Kilele chake ni milioni 28.83, mwaka ulioishia Machi 2021, halafu 23.06, 17.97, 15.70, 10.80. Switch 2 ikatoka Juni 2025. Kampuni huleta mashine mpya kwa sababu ya zamani imeshaanza kushuka. Watu wameligeuza jambo kichwa chini miguu juu.

Kinachoshusha mauzo ni soko kujaa. Tuseme mtaa una nyumba 60 zenye mtu anayetaka gemu na mwenye pesa ya kununua. Mwaka wa kwanza wananunua wenye pupa, 4. Wa pili watoto wa jirani wameshaona, 12. Wa tatu 18, wa nne 14. Jumlisha: 48. Zimebaki 12. Mwaka wa tano hata uwapelekee mlangoni kwa gari la ng'ombe, hutouza 14 tena. Mashine haijaharibika, haijachukiwa. Wanunuzi ndio wamemalizika. Frank Bass, mtaalamu wa masoko, aliiwekea hali hii hesabu mwaka 1969: wako wanaonunua kwa hiari yao, wako wanaonunua kwa kuwaona wengine, na kundi la waliobaki linapungua kila siku. Nikiri lakini: hesabu hiyo inapendeza ukiitazama kwa nyuma. Ukiwa na takwimu za miaka miwili ya mwanzo tu, itakuchorea vilele vitatu tofauti na vyote vitaonekana vya kweli. Na anguko la kwanza la Switch limechanganyika na uhaba wa chipu, vile vipande vya elektroniki vinavyoendesha mashine, duniani. Ukizitazama takwimu peke yake, huwezi kuyatenganisha mawili hayo.

Sasa lile linaloniudhi hasa. "Mauzo yameshuka" haina maana kuwa watu wameacha kucheza. Mauzo ni maji yanayoingia tangini mwaka huu. Wachezaji ni maji yaliyomo. Bomba linaweza kudondosha tone tone na tangi likawa limejaa pomoni. PS4 zilizotoka ni zaidi ya milioni 117, ndiyo maana FC 26, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, bado imetolewa kwa PS4 mwaka 2025, miaka 12 baada ya mashine kuzaliwa. Hakuna mtengenezaji anayeisusa hadhira kama hiyo kwa sababu tu maboksi mapya hayatoki dukani.

Tena hizo milioni zenyewe mara nyingi ni za mashine zilizotoka kiwandani kwenda kwa wauzaji. Boksi lililolala stoo tayari limehesabiwa. Na lile linalouzwa mara ya pili na ya tatu halihesabiwi kabisa. Hapa kwetu ndipo takwimu inapokuwa kipofu: PS4 moja iliyotumika, imepita Dubai, ikaingia kibanda cha gemu Ng'ambo, inachezewa na vijana ishirini kwa siku. Kwa hesabu ya kiwanda hiyo ni mashine moja tu, iliyouzwa zamani.

Mafundi nao wanachangia. PS4 inayovuma kama feni ya msikiti mara nyingi inataka kufunguliwa, vumbi lipulizwe, pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifutwe kwa spiriti na iwekwe mpya. Tundu la HDMI, la waya wa televisheni, lililolegea au kuliwa na chumvi linabadilishwa kwa kuchomelewa. Diski ni ya inchi 2.5, unatoa, unaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, unapakia mfumo upya. Kila mashine inayofufuliwa ni mteja mmoja asiyerudi dukani.

Bei. PS2 ilianza dola 299 Marekani na kufika 99 mwaka 2009, ikatengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013. Iliweza kwa sababu chipu zake kuu mbili zilipunguzwa zikawa moja. Kila bei ilipoanguka, tabaka jipya la wanunuzi lilifunguka, ndipo mkia wa mauzo yake ukawa mrefu. PS4 ilitoka 399, ikashuka 299 na Slim, toleo jembamba la 2016, ikagandia hapo. Kupunguza chipu siku hizi hakuleti unafuu kama zamani. PS5 ndiyo kabisa, bei imepanda: Marekani toleo la diski kutoka 499 hadi 549 Agosti 2025. Je, PS4 ya dola 149 ingeongeza mkia miaka mitatu? Naamini ingeongeza, ila siwezi kukuthibitishia.

Gemu kupungua? Huko ni mwishoni kabisa. FIFA ya mwisho ya PS2 ilikuwa 14, ya PS3 ilikuwa 19, na wakati huo mauzo ya mashine yenyewe yalishakuwa makombo.

Ukiwa na duka, basi, usihesabu maboksi. Hesabu pedi za kuchezea. Mashine mpya hainunuliwi lakini pedi zenye kijiti kinachojiendea chenyewe zinaletwa kila wiki? Weka pedi, vijiti na matundu ya HDMI.