Mzee Wako Anahitaji Nini? Kaa Naye Barazani Kwanza

"Shikamoo bibi, unaumwa nini?" Wengi wetu tunaanzia hapo. Bibi anataja magoti na mgongo, anapewa dawa, basi. Lakini kama tunataka abaki na nguvu zake, liko swali linalofaa zaidi: "Kitu gani ulikuwa unakifanya mwaka jana, mwaka huu kimekushinda?"

Bibi wa Newala atakwambia hawezi tena kuinama kuokota korosho. Mzee wa Mikindani atasema ameacha swala ya alfajiri msikitini kwa kuwa haoni njia. Hapo umepata hitaji. Bibi pengine anahitaji mazoezi ya miguu, na mtu wa kumsaidia msimu ukifika. Mzee apimwe macho. Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji unaweza kumrudishia uoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri tuangalie mambo sita kwa mzee: kumbukumbu, kutembea, lishe, kuona, kusikia na huzuni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuanza bila mashine. Mzee akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa kitini mara tano. Akizidi sekunde 14, nguvu za miguu zimepungua. Kiti kiwe imara, nawe simama karibu. Kwa lishe, uliza kama amepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia. Kama hakuna mizani, gauni linalompwaya litakueleza. Haya ni ya kukuonyesha nani apelekwe kituoni kwa vipimo zaidi, hayatoshi kusema anaumwa nini.

Naomba sana, pima masikio kabla ya kumbukumbu. Wazee wangapi tumesema akili zimechoka, kumbe hawasikii tunachouliza! Wakati mwingine ni nta tu imeziba sikio.

Yapo pia mambo ambayo hayasemwi mbele ya wajukuu. Ukanda wetu wa Lindi na Mtwara umeishi na matende na mabusha miaka mingi. Mzee mwenye busha hatakuja kwenye mazoezi ya pamoja, na sisi tutaandika "hataki". Bibi anayevuja mkojo ataacha kwenda kwenye shughuli, naye tutamwita mpweke. Mtafutie kila mmoja faragha, na mtu wa jinsia yake wa kuzungumza naye. Mwanawe akikimbilia kujibu, mwombe kwa heshima amwachie mama aseme mwenyewe.

Wala tusihesabu wanaofika zahanati peke yao, maana mwenye shida kubwa ndiye asiyeweza kufika. Mwenyekiti wa kitongoji na baraza la wazee wanajua nyumba ambayo bibi anaishi na mjukuu wa miaka saba. Ukifika, tazama ndoo zake. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji yamekuwa shida tangu zamani. Kumwambia "kunywa maji mengi" mtu anayenunua kila ndoo ni kumwongezea deni.

Mkimaliza, muulize angependa muanze na lipi. Daftari lako linaweza kuwa na mambo matano, presha ikiwa juu ya orodha, naye akachagua miwani ili aweze kusuka ukili wa mkeka wake. Dawa za presha zisicheleweshwe, lakini miwani nayo itafutwe wiki hiyohiyo.