Mwacheni kocha kwanza, ulizeni nani anamlinda

Imetokea tena. Timu imepigwa mechi tatu mfululizo, na kwenye grupu letu la WhatsApp la Waafrika Mashariki tunaofuatilia AFL, ligi kuu ya soka la Kiaustralia, hapa Melbourne mtu kaandika: "Kocha mpole mno, hawa vijana wanataka fimbo." Chini yake vidole gumba kibao. Mimi ni kocha msaidizi wa klabu ya mtaani, na sentensi hiyo naisoma kila msimu. Leo naandika kwa kirefu ili siku nyingine nitume linki tu, nikalale.

Kwanza hili la ukali, tulimalize haraka. Mwaka 2016 klabu ya Richmond walimaliza wa 13, na mechi ya mwisho Sydney waliwachapa kwa tofauti ya pointi 113. Kocha wao, Damien Hardwick, alikuwa msimu wa saba pale na hajashinda hata mechi moja ya mtoano. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa, mara ya kwanza tangu 1980. Wakarudia 2019 na 2020. Kocha yule yule. Na kama alibadilika, alibadilika kuelekea upole, sio fimbo. Tumeelewana? Tuendelee.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya kile kipigo cha Sydney, pale Richmond lilijitokeza kundi lililotaka kuing'oa bodi nzima. Hapo klabu nyingi humtoa kocha kafara kabla ya wiki kuisha, rais anapumua, mashabiki wanashangilia, na miaka mitatu baadaye mnarudi pale pale na kocha mwingine. Rais Peggy O'Neal na mtendaji mkuu Brendon Gale hawakufanya hivyo. Waliagiza tathmini, wakabadilisha watu waliomzunguka kocha, wakamleta Neil Balme kusimamia idara ya soka, na Hardwick akabaki.

Balme! Mtajieni mtu wa grupu letu jina hilo uone atakavyokodoa macho. Huyu ndiye aliyekwenda klabu ya Geelong mwishoni mwa 2006, ikiwa imetoka kwenye msimu mbovu na tathmini nzito, na kule pia uongozi ulikataa kumfukuza kocha, Mark Thompson. Geelong wakachukua ubingwa 2007, 2009 na 2011. Ile fainali ya 2007 waliishinda kwa pointi 119, na mpaka leo hakuna fainali kuu iliyoisha kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Kazi ya mtu wa namna yake ni kusimama katikati ya bodi yenye hofu na kocha mwenye presha, ili hofu ya juu isimwagike kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Haionekani kwenye televisheni, kwa hiyo haina mashabiki.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaoiga zoezi na kuacha mazingira yake. Richmond walikuwa na vikao ambapo mchezaji anasimama mbele ya wenzake na kusimulia shujaa wake, dhiki aliyopitia na siku yake ya fahari. Vijana wakalia, wakajuana, wakapendana, wakashinda. Basi kila kocha wa mtaa akanunua maboksi ya tishu. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Kijana wa miaka kumi na tisa anaeleza jinsi baba yake alivyoondoka nyumbani, na kila mtu ndani ya chumba anajua kuwa Alhamisi kuna uteuzi wa kikosi, na anayeteua ni yule yule aliyeshika daftari pale mbele. Unadhani anasema ukweli? Anasema kile ambacho hakitamponza. Uwazi hauagizwi. Mtu hufunguka akishaona mara kadhaa kwamba aliyefunguka kabla yake hakudhurika.

Na ikiharibika, inaharibika vibaya. Adelaide ndio waliofungwa na Richmond kwenye fainali ya 2017. Januari 2018 wakapeleka wachezaji kambini Gold Coast kujenga akili na umoja. Eddie Betts alikuja kueleza hadharani kwamba siri alizomsimulia mshauri kwa faragha zilitumika kumshambulia kule kule kambini. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama kazini haukukuta sheria iliyovunjwa. Lakini 2022 klabu ilimwomba radhi. Nia ilifanana na ya Richmond, kuwafungua watu mioyo. Kocha hakukodi kambi ile peke yake. Kuna uongozi ulioridhia.

Kuhusu nidhamu, mfano mzuri ni Geelong tena. Steve Johnson, fundi kweli kweli, alikamatwa kwa ulevi mkesha wa Krismasi 2006. Waliomfungia mechi tano za mwanzo wa msimu ni kamati ya wachezaji wenzake. Septemba akatwaa medali ya Norm Smith kama mchezaji bora wa fainali. Watu husimulia kile kifungo na kuruka sehemu ngumu: klabu ilikubali kukaa bila mfungaji wake na kuhatarisha pointi, na hakuna mkubwa aliyepiga simu kuomba apunguziwe.

Hiyo simu ndiyo ninayoijua mimi. Kwetu, Alhamisi jioni, ubao wa kikosi unatundikwa karibu na kantini, kila jina juu ya sumaku ndogo. Nyota wetu hakuja mazoezini Jumanne wala hakutoa taarifa. Vijana wanapanga foleni ya soseji, lakini macho yako kwenye ubao: sumaku yake itakaa wapi? Kocha mkuu kaisogeza benchi. Dakika ishirini baadaye mjumbe wa kamati anamvuta pembeni na kumkumbusha kwamba mjomba wa kijana ndiye analipia jezi. Sumaku inarudi kwenye kiungo. Baada ya hapo hata uje na hotuba ya kutoa machozi, wale waliokuwa kwenye foleni wameshapata somo lao. Na kesho mtaandika kwamba kocha ni mpole.

Sasa mashaka yangu, maana wauza semina za uongozi hawatawaambia. Richmond ya 2017 ilikuwa na Dustin Martin, aliyebeba Brownlow (medali ya mchezaji bora wa msimu), Norm Smith na ubingwa mwaka mmoja. Geelong walikuwa na Gary Ablett mdogo. Ukiwa na watu hao hata utamaduni wa wastani unapendeza, na zile hadithi za kulia pamoja tunazisimulia kwa sababu walishinda. Klabu iliyolia pamoja ikamaliza ya 14 haialikwi kutoa mada popote. Halafu Balme huyo huyo, kati ya Geelong na Richmond, alipita klabu ya Collingwood, na misimu ya 2015 na 2016 hawakugusa hata mtoano. Kwa hiyo ni yeye, au ni nani aliyekuwa amekaa juu yake? Nadhani ni la pili, ila siwezi kulithibitisha.

Sydney nao wananisumbua. Chini ya Paul Roos wachezaji walijiwekea kanuni zao wenyewe na kuambiana ukweli usoni, na 2005 wakamaliza ukame wa miaka 72. (Ndiyo, ni klabu ile ile iliyokuja kumlea Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma, kabla hajahamia Port Adelaide. Najua ndiyo maana nusu yenu mnaishabikia.) Lakini Barry Hall, nahodha aliyeinua kombe lile, 2008 alimzimisha Brent Staker kwa ngumi mbele ya kamera, akala kifungo cha wiki saba, na mwaka uliofuata akaondoka katikati ya msimu. Mfumo ule ule uliosifiwa kwa kumtuliza hasira. Ulimtuliza, au alikuwa na miaka michache mizuri tu? Nimewauliza makocha wanaonizidi umri na uzoefu, na kila mmoja ana jibu lake.