Santiago Ramón y Cajal: yanayosemwa na yaliyo kweli

Waambie wanafunzi wachore mishipa ya fahamu, yaani neva, wengi watakuchorea bomba: mstari mmoja unaotoka ubongoni hadi kwenye kidole gumba bila kukatika popote. Mimi siwalaumu. Neno lenyewe, mshipa, linatuvuta huko, maana mshipa wa damu ni mrija kweli. Ila Cajal, mwanasayansi wa Hispania aliyechunguza ubongo kwa hadubini, alitumia maisha yake yote kuonyesha kuwa mchoro huo si sahihi, na inaniuma kuona jina lake halitajwi darasani, au likitajwa linaambatana na mambo yasiyo yake.

"Neva zote ni wavu mmoja ulioungana"

Ndivyo walivyoamini mabingwa wengi wa Ulaya hadi miaka ya 1880, akiwemo Camillo Golgi wa Italia. Mwaka 1888, akiwa Barcelona, Cajal alichunguza ubongo wa nyuma wa ndege na kukuta nyuzi za seli zinaishia kandokando ya seli jirani, haziingiani. Kila seli ina kiwiliwili chake, matawi yake na mkia wake. Baadaye alieleza kuwa taarifa huingia kwa matawi na kutoka kwa mkia, kwa mwelekeo mmoja. Hakuwa na jarida la kumpokea haraka, basi akaanzisha lake kwa fedha zake, nakala 60 tu, akawatumia wataalamu wa nje. Wengi hawakulitilia maanani. Mwaka 1889 alifunga safari hadi Berlin akiwa na slaidi zake, akamwonyesha mzee Albert von Kölliker, bingwa wa anatomia (elimu ya muundo wa mwili), kwenye hadubini. Kölliker alikubali alichokiona, na jina la Cajal likaanza kuvuma. Neno neuroni lenyewe, yaani seli ya neva, si lake. Lilitolewa na Mjerumani Waldeyer mwaka 1891.

"Cajal ndiye aliyegundua ile rangi nyeusi"

Hapana, ni Golgi, mwaka 1873, na sifa hiyo apewe mwenyewe. Kipande cha ubongo kinalowekwa kwenye potasiamu daikromati, kisha kwenye nitrati ya fedha. Ukikikata na kukitazama, unakuta seli chache, moja hapa na nyingine kule, zimekuwa nyeusi tii hadi kwenye vijitawi vya mwisho, na kwingine kote ni manjano. Uchache huo ndio neema yenyewe. Zingeshika rangi zote, ungeona giza tupu.

Cajal aliiona njia hiyo mwaka 1887 huko Madrid, kwa daktari Luis Simarro, akashangaa kwamba watu walikuwa wameiacha kando. Aliloweka vipande mara mbili, akakata vinene zaidi, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: akaacha ubongo wa mnyama aliyekomaa, akachukua wa viinitete na makinda. Kwa umri huo nyuzi nyingi bado hazijavikwa ala ya mafuta inayozuia rangi. Mwenyewe alifananisha na msitu: kwa nini uhangaike kwenye msitu uliosongamana wakati miti hiyo hiyo unaweza kuisoma ingali miche kitaluni?

"Aliuona mwanya kati ya seli na seli"

Hakuuona, wala asingeweza. Mwanya huo una upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na hadubini ya mwanga haifiki huko. Alichoona ni ncha zilizo huru, slaidi baada ya slaidi, kwenye ndege, kwenye jicho, kwenye uti wa mgongo, na kutokana na hizo akafikia hitimisho. Hadubini ya elektroni ilikuja kuthibitisha miaka ya 1950; Cajal alikuwa amefariki Madrid tangu 1934. Na tuwe wakweli: leo tunajua baadhi ya seli za neva zina vijia vidogo vinavyoziunganisha moja kwa moja, ingawa nyingi hazina.

Wapo pia wanaodhani alikuwa mtoto wa kushika namba moja. Baba yake, daktari, alichoshwa naye hadi akampeleka kujifunza kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu. Akiwa na miaka 11 aliwekwa mahabusu kwa kubomoa lango la jirani kwa mzinga aliojitengenezea. Alichotaka ni kuwa mchoraji. Baba akampeleka makaburini kuokota mifupa, ili aichore na kuisoma, na hapo ndipo kijana alipoanza kuipenda anatomia.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 aligawana na Golgi, kwa hiyo watu hudhani walikuwa kitu kimoja. Golgi aliitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga nadharia ya neuroni, ile ya kuwa kila seli ya neva inajitegemea, mwenzake akiwa amekuja kupokea tuzo hiyo hiyo.

"Alisema ubongo wa mtu mzima haubadiliki"

Aliandika kweli kwamba katika ubongo na uti wa mgongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kuwekwa, kwamba huko kila kitu chaweza kufa na hakuna kinachoota upya. Wengi wanaomnukuu huishia hapo. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba ni kazi ya sayansi ya kesho kuibadilisha hukumu hiyo kali, ikiwezekana. Na kwingine aliandika kuwa mtu akitaka anaweza kuwa mchongaji wa ubongo wake mwenyewe.