Je, wajua kwa nini jani hugeuka manjano kabla ya kuanguka?

Pita kwenye shamba la mivinje upande wa Magarini, nje ya Malindi, kaskazi ikivuma. Utakanyaga zulia nene la nyuzi za kahawia, na nyasi ni za kutafuta. Sogea hatua chache hadi kwenye mwarobaini: majani yake ya msimu uliopita hayapo tena, udongo umeshayala. Mchanga ni ule ule, mvua ni ile ile. Tofauti imo ndani ya jani.

Mti ni bahili. Jani likizeeka, mti hulivunja ukijani wake na kurudisha matawini virutubisho vya naitrojeni na fosforasi, mara nyingi karibu nusu ya iliyokuwemo, ndipo huliachilia. Jani la manjano ni jani lililokwisha kupekuliwa mifuko. Kalsiamu hairudi, kwa kuwa imejengwa kwenye kuta za jani, basi huanguka nalo. Potasiamu huoshwa upesi na mvua.

Mvinje una ujanja wake. (Zile nyuzi, kwa kweli, ni vitawi, majani yenyewe ni vigamba vidogo mno kwenye vifundo.) Mizizini mwake mna vinundu wanamoishi bakteria waitwao Frankia. Hawa huchukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, wakaupa mti, nao ukawalipa sukari. Mwenye kisima uani hagombanii maji ya mvua, kwa hiyo miti ya namna hii huwa haijisumbui sana kulipokonya jani naitrojeni yake. Tatizo ni kwamba nyuzi za mvinje zimejaa tanini, ule ukakasi wa ndizi mbichi ulimini, na vijidudu vya udongo havizikimbilii. Mali ipo, ila imefungiwa sandukuni.

Jambo hili lilionekana wazi Bamburi, Mombasa. Kuanzia 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Miti ikashika, nyuzi zikalundikana bila kuoza. Walioufungua mlango ni majongoo wenye miguu myekundu: walizitafuna, na kinyesi chao kikawa mboji.

Ndiyo maana mchanganyiko husaidia. Mwarobaini huangusha majani laini yanayooza upesi, yenye kalsiamu nyingi, na wadudu na kuvu wanaonenepea hapo hupata nguvu ya kuzivamia nyuzi za jirani. Naitrojeni ya mvinje humfikia mwarobaini kupitia udongo huo huo.

Lakini fosforasi haitoki hewani. Kwenye udongo wa matumbawe kalsiamu huishika isitoke, na kazi ya kunasa naitrojeni nayo huila kwa wingi. Huko Hawaii, mikalitusi na mialbizia ilipandwa pamoja mwaka 1982. Kadiri mialbizia, ambayo nayo hunasa naitrojeni, ilivyozidi, naitrojeni ya udongo iliongezeka na fosforasi inayopatikana ikapungua. Kwa hiyo kujaza mivinje tupu ni kuhamisha njaa tu, kutoka kirutubisho kimoja hadi kingine.

Mimi huumia zaidi siku ya mavuno. Mnunuzi hubeba nguzo, ambazo kwa uzito wake zina virutubisho vichache. Utajiri umebaki kwenye vitawi na nyuzi, na hizo ndizo zinazopigwa kiberiti ili kusafisha shamba: naitrojeni inarudi hewani ilikotoka, na majivu yenye fosforasi yanapeperushwa na kusi.